Baridi Hufichua, Theluji Hufunika: Nyumba za Minnesota Sokoni Katika Majira ya Baridi

Nyumba haijulikani kwa siku moja, na katika nchi zilizo mbali na ikweta haijulikani hata kwa msimu mmoja, kwa kuwa jengo lile lile ambalo mwezi Juni humkaribisha mnunuzi kwa nyasi za kijani na madirisha yaliyo wazi, mwezi Januari huwa limezungukwa na theluji, likipambana usiku na mchana na baridi ambayo ikipenya ndani hupasua mabomba na kuwahamisha wakazi. Ndiyo maana swali la iwapo inafaa kununua au kuuza nyumba wakati wa baridi, ambalo mara nyingi hujibiwa kwa hesabu za bei peke yake, lina upande wa pili ulio mzito zaidi: majira hayo humwonyesha mnunuzi mambo ambayo kiangazi humficha, na papo hapo humficha mambo ambayo kiangazi humwonyesha. Makala haya yanalitazama swali hilo katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani kwenye mpaka wa Kanada, mahali ambapo baridi ni hakimu wa kila ukuta, kila dirisha na kila paa.

Neno baridi lenyewe linahitaji kupimwa upya kabla ya kuendelea. Kwa msomaji wa Pwani ya Afrika Mashariki, kipupwe ni miezi ya katikati ya mwaka ambapo upepo wa kusi huleta ubaridi wa kupendeza, na kwa mkazi wa Njombe au Limuru baridi ni asubuhi ya ukungu na sweta nzito. Katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, iliyo karibu na nyuzi 45 kaskazini mwa ikweta, wastani wa halijoto ya Januari ni takriban nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri, theluji ya mwaka mzima hukaribia sentimita 130, na katika mji mdogo wa Tower, kaskazini mwa jimbo, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 51 chini ya sifuri tarehe 2 Februari 1996. Ardhi yenyewe huganda, na kwa sababu hiyo kanuni za ujenzi za jimbo huagiza misingi ya nyumba ishuke si chini ya sentimita 107 katika ukanda wa kusini, na sentimita 152 katika ukanda wa kaskazini, ili udongo unaovimba kwa barafu usiuinue ukuta.

Suala hili si la Wamarekani wa asili ya Ulaya pekee. Wakenya wengi wamejikita Brooklyn Park na vitongoji vya jirani, kaskazini-magharibi mwa Minneapolis, na jimboni humo wamo pia Watanzania, Wakongo na Wasomali wanaozungumza Kiswahili, ambao baadhi yao, baada ya miaka ya kulipa kodi ya pango, hufikia uamuzi wa kununua nyumba yao ya kwanza katika mazingira ambayo hakuna mzee wa ukoo aliyewahi kuwaelekeza namna ya kuyakagua. Aliyekulia kwenye nyumba ya mabati na tofali anajua kusoma dalili za mvua na mchwa, lakini dalili za barafu ni elimu mpya, na gharama ya kutoijua inaweza kumeza akiba ya miaka mingi.

Soko linapopoa

Biashara ya nyumba nchini Marekani ina msimu wake kama ulivyo uvuvi au kilimo. Mauzo huanza kupanda majira ya machipuko, hufikia kilele kati ya Mei na Julai, kisha hushuka hadi Januari na Februari, ambayo ndiyo miezi mitulivu kuliko yote. Sababu kubwa ni kalenda ya shule, kwa kuwa masomo hufungwa mwezi Juni na kuanza tena mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, na wazazi hupenda kuhama katika nafasi hiyo ili watoto wasikatizwe. Juu ya hilo kuna Sikukuu ya Shukrani, ambayo huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba, halafu Krismasi na Mwaka Mpya, siku ambazo familia chache zinataka wageni wa kukagua vyumba vyao. Giza nalo lina sehemu yake, maana siku fupi kuliko zote, karibu na tarehe 21 Desemba, jua la Minneapolis huonekana kwa muda usiofika saa tisa na huzama kama saa kumi na nusu alasiri, kiasi kwamba mfanyakazi anayetoka kazini jioni hukagua nyumba kwa taa.

Katika utulivu huo, wanaobaki sokoni aghalabu wana haja ya kweli. Yupo muuzaji aliyehamishwa kikazi, wapo wanandoa wanaogawana mali baada ya talaka, wapo warithi wanaolipia joto la nyumba isiyo na mkazi, na yupo ambaye nyumba yake ilitangazwa tangu Septemba bila kupata mteja. Upande wa pili, mnunuzi anayekubali kuvaa viatu vya theluji ili kuona nyumba Jumamosi ya Januari hakuja kutembea. Kwa hiyo mazungumzo huwa ya watu wachache wenye nia, mashindano ya kupandishiana bei hupungua, na mnunuzi hupata nafasi ya kuomba ukaguzi, marekebisho au punguzo ambalo mwezi Mei angenyimwa.

Hata hivyo, tofauti ya bei kati ya Juni na Januari haifai kuchukuliwa kama punguzo la nyumba ile ile. Bei ya kati, yaani bei ambayo nusu ya nyumba zilizouzwa ziko juu yake na nusu ziko chini yake, hushuka wakati wa baridi kwa sababu mbili zinazochanganyika: ya kwanza ni kupungua kwa ushindani, na ya pili ni kwamba aina ya nyumba zinazouzwa hubadilika, kwa kuwa familia zenye watoto, ambazo hununua nyumba kubwa, huwa zimekwisha kununua kiangazi. Mnunuzi anayetarajia kila nyumba ishuke bei kwa kiwango kinachoonekana kwenye takwimu za jimbo zima atavunjika moyo, na tena atakuta kwamba nyumba za kuchagua ni chache.

Jambo moja halifuati majira kamwe, nalo ni riba ya mikopo. Wastani wa riba ya mkopo wa nyumba wa miaka 30 usiobadilika ulishuka hadi asilimia 2.65 mwezi Januari 2021, kisha ukapanda hadi asilimia 7.79 mwezi Oktoba 2023, na mabadiliko hayo yaligusa malipo ya kila mwezi kuliko punguzo lolote la msimu. Kwa Waislamu wanaoepuka riba, ipo njia ya murabaha, ambapo taasisi hununua nyumba kisha humuuzia mteja kwa bei ya juu iliyokubaliwa tangu mwanzo na inayolipwa kwa awamu. Kwa kuwa si kila taasisi hutoa huduma hiyo, mnunuzi anayeikusudia anafaa kukamilisha maulizo na karatasi zake kabla hajaanza kutazama nyumba.

Kinachofichuliwa na baridi

Methali ya wahenga kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, inapata maana mpya Minnesota, kwa sababu mwezi Januari hata paa la nje huanza kueleza yaliyomo ndani. Siku moja au mbili baada ya theluji kuanguka, mnunuzi akisimama ng'ambo ya barabara na kulilinganisha paa la nyumba anayoitaka na mapaa ya majirani, atapata taarifa ambayo hakuna tangazo linaloitoa. Paa ambalo limebaki na tandiko la theluji lililo sawa linaonyesha kwamba joto linabaki vyumbani linakotakiwa, ilhali paa lililokwisha kuwa wazi, au lenye mabaka meusi juu ya chumba kimoja, linaonyesha kwamba joto linalolipiwa kwa gesi linapanda darini na kuyeyusha theluji bila faida.

Kuyeyuka huko huzaa tatizo ambalo wenyeji huliogopa, nalo ni boma la barafu. Maji ya theluji iliyoyeyushwa na joto la darini huteremka hadi kwenye upenu, yaani ukingo wa paa unaotokeza nje ya ukuta, na kwa kuwa upenu hauna joto chini yake, maji huganda tena pale na kufanya ukuta mdogo wa barafu. Maji yanayofuata hukosa njia, hurudi nyuma chini ya vigae, kisha huingia darini na kushuka kwenye kuta. Michirizi mikubwa ya barafu inayoning'inia ukingoni, ambayo kwenye kadi za Krismasi huonekana kuwa pambo, kwa mkaguzi ni dalili ya kutazamwa. Dawa yake hasa haiko nje kwenye barafu, bali ndani: kuziba matundu yanayopitisha hewa ya joto kwenda darini, kuongeza vihami, yaani tandiko la nyuzi au povu linalozuia joto lisitoroke, na kuhakikisha kwamba dari inapata hewa ya nje.

Mkaguzi anapopanda darini kwa ngazi siku ya baridi kali na kuangaza tochi upande wa chini wa mbao za paa, anaweza kukuta kwamba ncha za misumari zilizotokeza zimevaa vichwa vyeupe vya sakitu, yaani mvuke ulioganda, kila msumari na kichwa chake, mamia kwa mamia. Mvuke huo umetoka jikoni na bafuni, umepita kwenye nyufa za dari na kuganda ulipokutana na mbao baridi, na siku halijoto itakapopanda utayeyuka wote kwa pamoja na kunyesha ndani kama mvua ndogo, ukiacha madoa kwenye dari na ukungu kwenye mbao. Mwezi Julai misumari hiyo ingekuwa mikavu, na mkaguzi huyo huyo angeshuka ngazi bila la kuandika.

Vivyo hivyo kwa kuta na madirisha. Kamera ya joto, ambayo huchora picha ya nyuso za kuta kwa kufuata tofauti za halijoto, hufanya kazi vizuri pale ambapo ndani na nje panatofautiana kwa takriban nyuzi 10 za Selsiasi au zaidi, na Minnesota ya Januari huitoa tofauti hiyo kila saa, kwa hiyo sehemu ambazo kihami kimeporomoka au hakikuwekwa huonekana waziwazi. Mnunuzi asiye na kamera bado anaweza kupitisha kijiti cha udi kinachofuka polepole kwenye kingo za madirisha na chini ya milango ya nje, akatazama iwapo moshi unapanda wima au unasukumwa na upepo unaopenya. Ukungu au maji yaliyonaswa katikati ya vioo viwili vya dirisha moja humaanisha kwamba muhuri wa dirisha hilo umeharibika.

Chombo kinachostahili kutazamwa kuliko vyote ni tanuri, yaani mtambo ambao katika nyumba nyingi huchoma gesi na kupuliza hewa ya moto vyumbani, na ambao kwa kawaida hudumu kati ya miaka 15 na 20. Wakati wa baridi tanuri huonekana likiwa kazini, si kwa kuwashwa dakika tano ili kumridhisha mgeni, na fundi anaweza kupima kama kiini chake, ambacho ni kuta za chuma zinazotenganisha moto na hewa ya kupumua, kina ufa. Ufa huo ukiwepo, unaweza kuruhusu kaboni monoksidi kuingia vyumbani, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua watu wakiwa usingizini. Sheria ya Minnesota huagiza king'ora cha gesi hiyo kiwekwe ndani ya umbali wa futi 10, yaani kama mita 3, kutoka kila chumba cha kulala, na mnunuzi anapaswa kuvihesabu ving'ora hivyo na kuvijaribu.

Hewa ya ndani ina adui mwingine ambaye hutulia ardhini. Radoni ni gesi ya mnururisho inayotokana na urani iliyo kwenye udongo na miamba, na nchini Marekani inashika nafasi ya pili, baada ya sigara, miongoni mwa visababishi vya saratani ya mapafu. Nyumba inapofungwa kwa ajili ya baridi, hewa ya joto hupanda na kutoka juu, na nyumba huivuta hewa ya udongoni kupitia nyufa za sakafu, ndiyo sababu vipimo vya Januari kwa kawaida huwa juu kuliko vya Julai. Idara ya Afya ya Minnesota inakadiria kwamba takriban nyumba mbili katika kila tano jimboni zina radoni inayofikia au kuzidi pikokyuri 4 kwa lita, kiwango ambacho mwenye nyumba hushauriwa kuchukua hatua, na tangu tarehe 1 Januari 2014 sheria humtaka muuzaji amweleze mnunuzi kwa maandishi yale anayoyajua kuhusu vipimo vya nyumba yake. Kipimo cha muda mfupi huhitaji nyumba iwe imefungwa kwa saa 48 au zaidi, sharti ambalo wakati wa baridi hutimizwa bila taabu, na tiba yake, bomba na feni ya kuivuta gesi chini ya sakafu na kuitoa juu ya paa, ni kazi inayojulikana na mafundi.

Kinachofunikwa na theluji

Ushahidi wa baridi, hata hivyo, ni nusu ya kesi. Theluji ile inayolisemea paa kwa mtu aliye barabarani huvificha vigae vyenyewe, na hufunika pia nyufa za njia ya gari, mbao zilizooza za baraza, alama za mipaka, na hasa mteremko wa ardhi kuzunguka nyumba. Mteremko huo ni muhimu kwa sababu nyumba nyingi za huko zina chumba cha chini ya ardhi, na ardhi inayoelekea ukutani badala ya kuelekea nje itayapeleka humo maji ya mwezi Machi na Aprili, wakati theluji ya miezi minne inapoyeyuka juu ya udongo ambao bado umeganda na hauwezi kunywa maji.

Kwa kuwa mnunuzi wa Januari hawezi kuyangoja maji ya Aprili, inambidi ayatafute ya Aprili iliyopita. Akishuka chini na tochi atafute unga mweupe kama chumvi kwenye kuta za zege, ambao ni madini yaliyoachwa na maji yaliyopenya na kukauka, atazame kama miguu ya rafu za mbao ina mstari wa doa unaolingana pande zote, na kama vyuma vya chini vya tanuri vina kutu. Penye shimo la pampu ya kutoa maji, ndoo moja ya maji ikimiminwa humo inatosha kuonyesha kama boya linainuka na pampu inaitika. Rangi mpya ukutani, katika chumba ambamo hakuna kingine kilichopakwa, ni swali la kumuuliza muuzaji, wala si la kupuuzwa kwa haya.

Vipo na vitu ambavyo baridi huzuia kabisa visijaribiwe. Kiyoyozi hakiwashwi nje kukiwa na halijoto ya chini ya nyuzi 15 hadi 18 hivi za Selsiasi, kwa kuwa kinaweza kuharibika, hivyo mkaguzi ataandika tu umri wake na hali yake ya nje. Nyumba ya mashambani ambayo haikuunganishwa na bomba la majitaka la mji hutegemea tangi na eneo la udongo unaochuja, na ukaguzi kamili wa mfumo huo unahitaji kuchimba udongo, ambao Januari ni mgumu kama jiwe. Katika mitaa ya zamani yenye miti mikubwa, kwa upande mwingine, kamera ndogo inayopitishwa ndani ya bomba la majitaka hufanya kazi katika majira yoyote, na mnunuzi ana kila sababu ya kuilipia, kwa maana mizizi hupenda mabomba ya zamani ya udongo wa mfinyanzi.

Mkataba unaokumbuka majira

Kile ambacho macho hayawezi kukiona lazima kibebwe na maandishi. Mnunuzi hutoa arubuni, yaani fedha za kuonyesha nia ambazo anaweza kuzipoteza akijitoa bila sababu iliyokubaliwa, na kwa hiyo sharti la ukaguzi, linalompa siku maalumu za kuchunguza na haki ya kujitoa au kujadili upya, ndiyo ngao yake. Wakati wa baridi ngao hiyo inapaswa kuongezewa kipengele cha vitu visivyoweza kujaribiwa: pande mbili zinaweza kukubaliana kwamba kiasi fulani cha fedha kiwekwe kama amana kwa mtu wa tatu hadi kiyoyozi kiwashwe mwezi Mei au mfumo wa majitaka ukaguliwe, kisha fedha zimrudie muuzaji ikiwa vyote ni vizima. Utaratibu kama huo hutumika pia katika mikopo inayodhaminiwa na mamlaka ya makazi ya serikali kuu, ambayo haikubali rangi inayobanduka kwenye nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 kwa hofu ya madini ya risasi: kwa kuwa rangi ya nje haishiki kwenye baridi, fedha za kazi hiyo zinaweza kuwekwa kando hadi hali ya hewa iruhusu.

Nyaraka mbili nyingine zinastahili kuombwa. Ya kwanza ni bili za gesi na umeme za miezi 12 iliyopita, ambazo husimulia majira yote kwa lugha ya fedha na humwezesha mnunuzi kujua iwapo malipo ya mkopo pamoja na malipo ya joto yanaenea kwenye mshahara wake. Ya pili ni ripoti ya utaratibu wa Minneapolis na Saint Paul ambao jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Ukweli katika Uuzaji wa Nyumba, ambao humtaka muuzaji aitoe nyumba yake ifanyiwe tathmini na mkaguzi mwenye leseni na kuionyesha ripoti yake kwa wanunuzi. Ripoti hiyo haichukui nafasi ya mkaguzi anayelipwa na mnunuzi mwenyewe. Aidha, tangu tarehe 17 Agosti 2024, mawakala walio wengi wanatakiwa kuwa na makubaliano ya maandishi na mnunuzi kabla ya kumtembeza kwenye nyumba, yakionyesha watalipwa kiasi gani, na kiasi hicho kinajadiliwa, hakikuwekwa na sheria yoyote.

Siku ya mwisho kabla ya kukabidhiana, matembezi ya ukaguzi hayafai kufanywa kwa haraka eti kwa sababu ya baridi. Kila bomba lifunguliwe, maji ya moto yasubiriwe, choo kisukumwe, na joto la kila chumba lipimwe kwa mkono. Akaunti za gesi na umeme zihamishiwe kwa mnunuzi pasipo pengo hata la siku moja, kwa kuwa usiku mmoja bila joto unatosha kugandisha mabomba.

Wajibu wa anayeuza

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini wakati wa theluji hata chema huhitaji kufagiliwa njia. Kanuni za Minneapolis humpa mwenye nyumba ya familia moja au mbili saa 24 baada ya theluji kukoma ili awe ameiondoa kwenye njia ya waenda kwa miguu, na muuzaji mwenye busara hafungi kazi hapo, bali husafisha ngazi, humwaga mchanga au chumvi penye utelezi, na huweka mkeka wa kupangusia miguu na kiti pale mlangoni ili mgeni avue viatu vyake vilivyolowa kwa heshima, desturi ambayo Mswahili wa Brooklyn Park haihitaji kufundishwa. Miadi ya kukagua ipangwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana jua likiwepo, na picha za bustani zilizopigwa kiangazi ziwekwe mezani pamoja na tarehe zake, ili mnunuzi apate kuiona ile nusu ya nyumba iliyofunikwa.

Hatari kubwa humkabili muuzaji aliyekwisha kuhama. Maji yanapoganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, na nguvu hiyo haizuiwi na bomba la shaba wala la plastiki, ndiyo maana hushauriwa joto la nyumba tupu lisiachwe kushuka chini ya nyuzi 13 za Selsiasi, au maji yafungwe na mabomba yamwagwe yote. Bima nyingi hukataa kulipa hasara ya mabomba yaliyopasuka pale ambapo mwenye nyumba hakudumisha joto wala hakumwaga maji, na nyingine hupunguza kinga nyumba inapokaa bila mtu, hivyo simu moja kwa kampuni ya bima kabla ya kuhama ni jambo la lazima.

Zaidi ya yote ni wajibu wa kusema. Sheria ya Minnesota humtaka muuzaji amweleze mnunuzi kwa maandishi mambo ya msingi anayoyajua yanayoweza kuathiri matumizi ya nyumba, na theluji haimwondolei wajibu huo. Anayejua kwamba ukuta wa chini hulowa kila Aprili, akanyamaza kwa kuwa ni Januari na ukuta umekauka, atakuwa ameiuza kesi pamoja na nyumba, na atakuwa amemwachia mgonjwa, mtoto au mzee wa familia nyingine hewa yenye ukungu ambayo yeye mwenyewe aliikimbia.

Jicho la kurudi nalo nyumbani

Wengi wa wasemaji wa Kiswahili walioko Minnesota hununua mara mbili: nyumba ya kuishi huko, na kiwanja au nyumba ya kurudia nyumbani, ambayo huoneshwa ndugu au dalali kwa niaba yao, au huonwa nao wenyewe wakija likizo ya Desemba na Januari. Likizo hiyo kwa Pwani ya Tanzania na Kenya mara nyingi huangukia siku za jua, kabla ya masika ya Machi hadi Mei, kwa hiyo mnunuzi huikuta ardhi ikiwa imevaa nguo zake nzuri. Wakazi wa bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, ambao baada ya mafuriko ya Desemba 2011 baadhi yao walihamishiwa Mabwepande, walijifunza kwa uchungu kwamba kiwanja kikavu na kiwanja salama si kitu kimoja.

Kanuni inayofundishwa na baridi ya Minnesota ni ile ile inayofundishwa na masika: makazi yakaguliwe katika majira yanayoyatesa, na pale isipowezekana, alama za majira hayo zitafutwe kutani, sakafuni na midomoni mwa majirani, kisha mkataba uandikwe kwa kuyakumbuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini anayeziba ufa ni yule aliyeuona, na kuuona kunataka mtu akubali kwenda siku ambayo wengine wamebaki ndani. Aliyewahi kusimama barabarani mwezi Januari akilinganisha mapaa yenye theluji, akirudi Kigamboni au Likoni kutafuta kiwanja, hatatosheka na picha ya Januari iliyotumwa kwa simu. Atamwomba ndugu yake aende mwezi Aprili, asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha, avae mabuti, asimame katikati ya kiwanja, na amweleze maji yamefika wapi.